Kijana wa Kitambaa, Manju na Mpiga Ramli

Kama ulisoma shule ya msingi kwetu Shinyanga utawakumbuka watu wa mazingaombwe. Wanakuja na sanduku la bati, mwalimu mkuu anatangaza paredi, kiingilio hela ya karanga tu, madawati yanasukumwa ukutani. Wenzangu walipenda karatasi zinazogeuka noti. Mimi nilimpenda kijana aliyefungwa kitambaa machoni. Bosi wake anapita katikati yetu, anachukua kitu kwa mtu, anauliza, na kijana anakitaja: saa, kalamu, ufunguo. Tulipiga kelele mpaka vumbi likashuka darini.

Kesho yake wakarudia kwa darasa lingine, nikachungulia dirishani bila kulipa. Ndipo nikasikia. "Haya, hiki nini?" ilikuwa saa. "Hebu, hiki nini?" kalamu. "Sema upesi!" ufunguo. Kumbe kijana hasomi mawazo ya mtu, anasoma lugha! Amekariri orodha ndefu ya maneno na vitu na hakosei hata kimoja. Nilinuna siku nzima, halafu nikamheshimu zaidi. Neno dogo ambalo hadhira hailijali ndilo lililobeba onyesho zima. Mwalimu gani wa utunzi aliwahi kutuambia hivyo?

London kulikuwa na bwana aliyefanya kazi ya namna hiyo bila msaidizi wala alama za siri. Jina lake William Bottle, aliyezaliwa 1875, kibarua wa kiwanda cha gesi aliyepanda jukwaani akajiita Datas. Watu wanamtupia maswali ya tarehe: mashindano ya farasi, kesi, vifo vya wakubwa, yeye anajibu papo hapo. Alifariki 1956. Kabla ya hapo, mwaka 1935, Alfred Hitchcock alimgeuza kuwa Mr Memory katika filamu ya The 39 Steps. Riwaya ya John Buchan ya 1915 haina mtu huyo kabisa. Filamu ndiyo iliyomwongeza, na kwa maoni yangu ndiye roho yake. Mwishoni anaulizwa mbele ya ukumbi mzima swali linalogusa siri ya majasusi wanaomtumia. Mtu mwingine angenyamaza. Yeye hawezi, jukwaa limemlea hivyo: swali likija, jibu linatoka. Anaanza kujibu, anapigwa risasi.

Sasa turudi kwetu. Masimulizi ya Usukumani yanasema karne ya 19 Ngika na Gumha, wote waganga wa ngoma, walishindana nani ana dawa kali zaidi. Wafuasi wao ndio Bagika na Bagalu, na mashindano yapo mpaka leo. Ngoma mbili zinachezwa kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake, na hakimu ni miguu ya watazamaji: kwenye umati mkubwa ndiko kwenye ushindi. Wenyewe watakwambia ni dawa. Sawa, siwabishii. Lakini mtazame manju, ningi kwa Kisukuma. Anakumbuka nyimbo chungu nzima, anakumbuka nani alikimbia njaa na nani alikosa kulipa ng'ombe wa mahari, na anajua aliyesimama mstari wa tatu ni mtoto wa nani. Akimgusa kwa ubeti mmoja, ukoo mzima unahamia upande wake. Hiyo ndiyo dawa ninayoiona mimi. Na akikosea, umati unahama papo hapo, anabaki na ngoma yake na vumbi.

Mpiga ramli naye ni msanii wa ukoo huohuo, tena fundi. Anatupa neno, anatazama uso, anarudisha neno. Wachimbaji wadogo wa ukanda wa Geita humfuata wakitaka kujua mwamba una dhahabu au la. Mwenye msiba huja kuuliza nani kamroga. Kama Mr Memory, kazi yake haimruhusu kusema sijui. Tofauti ni kwamba risasi haimpati yeye. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku. Februari ya mwaka huohuo, Chato mkoani Geita, mtoto wa mwaka mmoja mwenye ualbino aliporwa kwa mama yake, akakutwa ameuawa.

Na sisi waandishi je? Nimesoma hadithi nyingi za vijana wenzangu zenye waganga, zilizochapwa na zilizopitishwa mkono kwa mkono kwenye daftari. Karibu zote mganga anapatia! Anamtaja bibi fulani, na ukurasa wa mwisho bibi kweli anakutwa na tunguri uvunguni. Msanii wa ramli hana mpambe mzuri kuliko sisi, maana tunampa hata msuko wa hadithi umtetee.

Siwacheki, maana na mimi niliandika moja nikiwa kidato cha tatu. Bibi ana macho mekundu, mganga anamnyooshea kidole, basi, kwisha. Juzi nimeitoa kabatini. Bibi yangu mwenyewe, wa Kishapu, alikuwa na macho hayohayo. Miti ni haba, alipika kwa mavi ya ng'ombe miaka yote, na moshi ule unaujua. Naiandika upya sasa. Nimefika pale mganga anapoulizwa swali, ua mzima umenyamaza, na nimekaa siku ya tatu kalamu mkononi, sijapata atasema nini.