Pembe za Utetera: Wizi, Ghasbu au Ngawira?

Himidi zote anastahiki Allah (S.W.). Ama baada ya hayo, kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alichokieleza mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufariki mwaka 1905, ni hazina ya historia. Sisi wa Gongoni, Tabora, hatukisomi kama habari za mbali, kwani baba yake alikaa Ituru, jirani na mji huu. Lakini wapo wanaokisoma kwa fahari tupu, kana kwamba kila alilofanya tajiri wa Kiislamu ni hoja ya kisheria. Hapo hatukubaliani nao.

Wafanyabiashara wa njia hii waliilalamikia sana hongo waliyotozwa na watemi. Mnywa Sere wa Unyanyembe alipotoza bidhaa zao, ugomvi uliozuka ulimtoa kitini, akawekwa Mkasiwa. Basi mali ikitoka mikononi mwao iliitwa dhulma. Je, ilipoingia?

Katika habari ya Nsama wa Itabwa, mwandishi anasema alishambuliwa kwa hila. Kujihami kunaruhusiwa, nasi hatubishi. Ila kujihami hukoma shari inapokoma. Habari ya Utetera ndiyo nzito zaidi. Huko alijidai kuwa ni mjukuu katika ukoo wa mtemi Kasongo Rushie, akaaminiwa, akapewa utawala na pembe. Anayasimulia haya kama werevu, bila ya neno la majuto.

Wanaomwita mwizi wa kukatwa mkono nao wamekosea. Wizi wa Suratul Maida, aya ya 38, una masharti: mali ichukuliwe kwa siri, kutoka mahali pa hifadhi, nayo ifikie nisabu, ambayo kwa Mashafii ni robo dinari. Hadithi ya Jabir (R.A.) imemtoa katika hukumu hiyo mwenye kuhini na mwenye kupora. Lakini kutokatwa mkono si kuhalalishiwa mali! Mwenye kughusubu hulazimika kurudisha, na kadhi anaweza kumtia adabu.

Wala isisemwe kwamba wenye mali walikuwa makafiri. Imam Shafii (R.A.) ameeleza kuwa Muislamu aliyeingia nchi ya maadui kwa amani si halali kwake kuchukua chochote katika mali zao. Na Mughira bin Shu'ba (R.A.), kabla ya kusilimu, aliwaua wenziwe wa safari akachukua mali zao. Alipomjia Mtume (S.A.W.), Uislamu wake ulikubaliwa, lakini Mtume alijitenga na mali ile. Habari hiyo imo katika Bukhari, katika kisa cha Hudaybiya.

Basi kitabu kisomwe madrasa, wala kisifichwe. Ila mwalimu akifika Utetera asimame, awaambie wanafunzi jina la jambo lile: khiyana. Tukinyamaza, wengine watasema ndiyo dini yetu. Na hongo za leo maofisini tutakuwa hatuna mdomo wa kuzikemea.

Wallahu a'lam.