Nyimbo tunazozipenda na sahani zinazozichunga

Kuna desturi nzuri kati ya watu wapendao muziki: kila mmoja analeta mbele ya wenzake wimbo anaoupenda kuliko zote, kisha anasema sababu. Tuliifanya desturi hiyo Jumapili moja jioni katika chumba cha mikutano cha parokia yetu, hapa Katanga. Tulikuwa watu saba. Sharti zilikuwa mbili: mpenda nyimbo za kanisa asimcheke mpenda rumba, na mpenda rumba asilale usingizi wakati wa wimbo wa Kigregori. Sharti la pili lilivunjwa na mtu mmoja, lakini hatumtaji.

Hatuandiki haya kwa kuusifu mkutano ule. Tunayaandika kwa kuwa ulitufunulia kosa tulilokuwa nalo sisi wenyewe, na labda wasomaji wengine wanalo.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa zamani wa Kilatini. Alileta nyimbo za watawa wa Solesmes, zile zilizochukuliwa kwenye sahani mwaka 1930 chini ya Dom Gajard. Sauti zatembea polepole kama watu wanaopita karibu na mgonjwa. Namna ile ndiyo waalimu wetu wa seminari walituwekea mbele kama kioo, nasi tuliisikiliza kwa heshima. Msichana mmoja mwuguzi akaleta Louis Armstrong, katika wimbo wa mwaka 1928 unaoitwa West End Blues, ambapo tarumbeta inaanza peke yake bila kungoja mtu. Armstrong huyu alifika Kongo mwaka 1960, akapiga Léopoldville, hata Elisabethville. Wazee wawili wa mkutano walitikisa kichwa kwa ukumbusho.

Kisha ikaja Marie-Louise ya Wendo Kolosoy, iliyotoka mwaka 1948 katika nyumba ya Ngoma ya Léopoldville, na gitare ya Henri Bowane ndani yake. Juu ya wimbo huu palikuwa na masemi mengi. Watu walisema kwamba ukipigwa usiku wa manane unawaamsha wafu, na watumishi wa Kanisa wa siku zile hawakuupenda hata kidogo. Tuliusikiliza mara mbili. Hatukuona mfu akiamka. Tuliona tu kijana wa maji, aliyefanya kazi katika mashua za mto, akimsifu mwanamke kwa adabu, na mwishoni gitare ikikimbia kama mtoto aliyeruhusiwa kutoka darasani. Katika uzee wake, kabla ya kufa mwaka 2008, Wendo aliuimba tena kwa sauti iliyochoka. Na sisi, tusifiche neno, twaipenda ile sauti ya uzee kuliko ya ujana. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili kati ya urithi wa watu wote. Wale waliouogopa wimbo ule wangeshangaa sana.

Lakini jambo kubwa la jioni ile lilitoka kwa mzee mmoja, mfanyakazi wa zamani wa migodi. Yeye alileta Masanga ya Jean-Bosco Mwenda. Wengi wanajua habari yake. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashini yake ya kuchukua sauti, alimkuta kijana huyu huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume, gumba na kidole cha shahada, na msikilizaji anaapa kwamba gitare ni mbili. Sahani ile ikaenda mbali. Miaka ya 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft alikaa nayo, akaandika kwenye karatasi nota moja moja ya mapigo ya Bosco, kama vile sisi tunavyochambua mstari wa Maandiko.

Sahani ilipokwisha, tulimwuliza mzee kwa nini anaipenda. Akanyamaza, kisha akasema: “Padri, mwanangu, ninaipenda, lakini hii si Masanga. Hii ni Masanga ya siku moja. Tulipokuwa vijana, magitare mengi ya Likasi yaliipiga, na hata mbili hazikufanana. Mtu aliyeipiga sawasawa na jana tulimwambia: hujalala vema?”

Tulicheka wote. Usiku hatukulala vema sisi.

Fikiri, msomaji. Sahani za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kwa upande mmoja. Mwimbaji aliyezoea kuimba katika matanga mpaka jogoo awike alipaswa kukata, kufunga na kunyamaza kabla sindano haijafika katikati. Tunachokipenda leo ni kipande kilichokatwa kwa kipimo cha mashini. Hatusemi ni kibaya. Bila Tracey, mikono ya Bosco wa mwaka 1952 ingepotea kabisa, naye Bosco alikufa katika ajali ya gari huko Zambia mwaka 1990. Lakini kuchunga ni jambo moja, na kutawala ni jambo lingine. Sahani iliyotumwa kuchunga wimbo inaweza kuwa bwana wake.

Hapo ndipo twaja kwa Misa Luba, ambayo tuliileta sisi, tukiwa na majivuno kidogo. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, aliifanya huko Kamina pamoja na kwaya yake ya watoto na waalimu. Mwaka 1958 waliipeleka hata Ulaya, na sahani yake ikasikiwa duniani pote. Sanktus yake iliingia katika filamu moja ya Kiingereza ya mwaka 1968. Maneno ni ya Kilatini, lakini roho ya wimbo ni ya kwetu. Na hii ndiyo siri iliyo wazi kwa kila aliyesoma habari zake: sehemu kubwa haikuandikwa. Waimbaji walijua njia tu, na hatua walizitafuta pale pale. Baadaye watu wakaandika nota kutoka kwenye sahani, wakazichapa, na kwaya za inchi nyingi zikajifunza kwa bidii kurudia yale ambayo watoto wa Kamina walibahatisha siku moja. Kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, ilitoa sahani yake mwaka 1990. Twaipenda hasa pale inapoacha kufanana na ile ya kwanza.

Na sisi tulifanya nini? Mwezi uliotangulia mkutano tulikuwa tukifundisha kwaya ya parokia Kirie ya Misa hiyo. Tulikuwa na simu mkononi, sahani ya mwaka 1958 ndani yake, na kila mara tulisimamisha watu: “Si hivyo, sikilizeni tena.” Mama mmoja, mwenye sauti ya kuongoza vilio katika matanga ya mtaa mzima, aliongeza neno lake la juu kati ya Kirie na Kirie, kama apendavyo kufanya. Lilikuwa neno zuri. Tulimwambia mbele ya wote kwamba halimo katika wimbo.

Alisema tu: “Ndiyo, Padri.” Akaimba mpaka mwisho kama tulivyotaka.

Baada ya maneno ya mzee wa Likasi tulirudi kwa kwaya, simu tukaiacha nyumbani, tukawaambia Kirie ianze kwa yule mama, naye aende atakako. Nafasi yake ilikuwa wazi. Tumefika kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa shambani. Mara ya pili alitupa kiti na maji ya kunywa, akatuuliza habari za mzee wetu anayeugua. Juu ya kuimba hajajibu bado.