Sifa za Mtunza Nakala

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki dunia karibu mwaka 1840, na mashairi yake yakabaki vifuani mwa watu. Tunayasoma leo kwa sababu ya mtu ambaye wengi hawamtaji: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Miongo kadhaa baada ya mshairi kuzikwa, Mwalimu Sikujua alizikusanya beti hizo kwa wazee waliozikumbuka, akaziandika, akamkabidhi mmisionari William Taylor pamoja na maelezo ya visa vilivyozizaa. Mwalimu mwenyewe alifariki mwaka 1890. Karatasi zikavuka bahari, zikahifadhiwa London katika maktaba ya chuo cha SOAS, na mwaka 1940 William Hichens akatoa *Diwani ya Muyaka*. Kati ya kaburi la mshairi na kitabu hicho imepita karne nzima, na daraja la kuivukia lilikuwa nakala.

Ufundi huu wa kutunza ndio ninaousifu. Mtunzi hushangiliwa papo hapo, ilhali mtunza nakala hufanya kazi ambayo ikifanikiwa hakuna anayeiona. Hata hivyo nasadiki kwamba kutunza ni nusu ya kuandika. Andiko lililopo mahali pamoja tu bado liko rehani mikononi mwa ajali.

Lamu ilimfahamu bingwa wa ufundi huu, Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwanamuziki na mchonga milango, na mkono huo huo ulinakili tenzi nyingi kwa hati nadhifu ya Kiarabu. Watafiti Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann walipata kwake maandishi ambayo sehemu yake imo hadi leo katika maktaba za Uingereza na Ujerumani. Wanakili wa mapokeo ya Kiislamu, ambayo Kijuma alikulia ndani yake, walikuwa na desturi mbili zinazostahili kukumbukwa. Kwanza, neno linaloanza ukurasa unaofuata liliandikwa chini ya ukurasa uliotangulia, ili karatasi zikitawanyika mtu aweze kuzipanga upya. Pili, nakala ilipokamilika ilisomwa na kulinganishwa na asili yake, na msomaji akatia alama pambizoni pale alipofikia. Nakala ambayo haijalinganishwa haikuaminiwa.

Maandishi yetu ya leo yamo katika simu na kompyuta. Simu huibwa kwenye daladala, flashi hugoma bila kutoa onyo, kompyuta humwagikiwa chai, akaunti hufungwa na mwenyewe akabaki nje. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni fupi ambayo mafundi wengi wanaifuata: kazi iwe na nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae mbali na nyingine. Kwa mwandishi wa kawaida hilo si jambo la gharama kubwa. Nakala moja ikae katika kompyuta, nyingine katika diski ya nje, ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni au katika diski iliyowekwa kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Umbali una sababu yake. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva za kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walianza upya. Wale ambao kazi na nakala yake vilikuwa pamoja, moto uliwachukulia vyote viwili.

Lakini idadi na umbali havitoshi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba daftari lisilofunguliwa huweza kuwa tupu bila habari vilevile. Usiku wa 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta folda ya hifadhidata kuu akidhani yumo katika seva nyingine. Aligutuka baada ya sekunde moja au mbili, na kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5 tu. Kampuni ilikuwa na njia tano za kurudufu data, na hakuna iliyofaa saa hiyo. Nakala za kila siku hazikuwa zikitengenezwa, kwa kuwa programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliitengeneza kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walipoteza data ya saa hizo sita, kisha wakaeleza hadharani kila kitu, na kwa uwazi huo wamewafundisha mafundi wengi.

Hapo ndipo ninapomwona mnakili wa kale akiwa na haki. Kurudufu bila kurejesha ni kazi nusu. Chagua siku moja kila mwezi, chukua faili kutoka katika nakala, ifungue katika kompyuta nyingine, isome hadi mwisho. Ikifunguka na maneno yakawa kamili, hapo una nakala. Wala usidanganyike na folda inayojioanisha yenyewe kati ya simu na kompyuta: ukifuta huku, na kule kunafutika. Diski nayo ichomolewe baada ya kazi, kwa maana virusi vinavyofunga mafaili ili mwenyewe adaiwe fidia huvamia kila kilichounganishwa.

Kutunza ni pamoja na kufunga mlango. Nywila iwe ndefu, na kila akaunti iwe na yake, ili mwizi akipata moja asipite kwenye nyingine zote. Uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe, na inapowezekana utumie programu ya simu badala ya ujumbe mfupi, maana matapeli wanaohamishia namba ya mtu kwenye laini yao ndio hupokea ujumbe huo. Namba za dharura za kurejesha akaunti ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na hati za nyumba. Programu zisasishwe kila toleo jipya linapotoka, kwani matoleo mengi huja kuziba matundu ambayo wezi huweza kuyapitia.

Hata hivyo kufuli bila mrithi wa ufunguo ni hasara ya namna yake. Mwandishi anayeandika wasia wa shamba na nyumba ataje pia maandishi yake: yako wapi, yanafunguliwaje, nani apewe. Na ayahifadhi katika muundo mwepesi, maandishi matupu yasiyotegemea programu moja, ili atakayeyafungua baada ya miaka thelathini asihitaji mashine iliyokwisha kusahauliwa.

Ufundi huu hauna makofi, lakini una adabu yake kuu: unamfikiria msomaji ambaye bado hajazaliwa na kumwandalia njia. Katika kila familia na kila kikundi cha waandishi yupo mmoja anayekumbuka kurudufu, kukagua na kufunga. Tumheshimu kama tunavyomheshimu mtunzi, tumfundishe mwingine kazi yake, na tuhesabu kwamba andiko limekamilika siku ambayo nakala yake, iliyotoka mahali pengine, imefunguliwa na kusomwa.