Mkono wa Millan, bakuli la Holly

Holly hakukosea. Aliyekosea ni Cesar Millan, mkufunzi wa mbwa wa televisheni, tena alikosea kabla jino halijamgusa.

Sehemu yao ya kipindi chake, Dog Whisperer, ya msimu wa mwisho mwaka 2012, mlioitazama mnaikumbuka. Holly, Labrador wa manjano anayelinda chakula, anakula; Millan amechuchumaa jirani na bakuli. Mbwa anakaza mwili, anaonyesha meno. Hapo zilitakiwa hatua mbili za kurudi nyuma. Millan akamgonga shingoni. Holly akamrukia, na Millan badala ya kuachia akazidi kumsogelea mpaka mbwa akaliacha bakuli.

Halafu pakatulia, na utulivu huo ndio uliomponza. Holly alikuwa akilamba midomo na kugeuza uso. Mkufunzi wa mbwa Turid Rugaas wa Norway alishatufundisha kuzisoma ishara hizo za kutuliza: mbwa anaomba nafasi. Millan akadhani ameshinda, akapeleka mkono usoni. Holly akauma kwa nguvu zote. Baada ya hapo Millan akasema hakuona kama lingetokea. Kauli hiyo inaniudhi mpaka leo, maana lilikuwa likijitangaza tangu alipochuchumaa.

Mngurumo ni taarifa. Ukimpiga mbwa kwa kunguruma, hofu inabaki palepale. Unachomnyang'anya ni onyo. Mbwa wa namna hiyo ukimkabidhi kwa nyumba yenye watoto, umewapelekea hatari isiyo na kengele.

Kulinda bakuli hurekebishwa kwa kubadili maana ya mtu anayekaribia. Unasimama mbali, pale ambapo mbwa bado anakula amelegea. Unamrushia kipande cha nyama kinachozidi kile alicho nacho, unaondoka. Unarudia. Umbali unapungua tu pale mbwa anapoinua kichwa kwa hamu badala ya kuganda. Mwishowe wenye nyumba wenyewe ndio wanaorusha, kwa kuwa ndio watakaoishi naye. Mkufunzi wa wanyama Karen Pryor aliandika misingi ya kufundisha kwa zawadi mwaka 1984. Haikuwa siri.

Tatizo ni ile hadithi ya kiongozi wa kundi, kwamba mtu lazima amtawale mbwa kama kiongozi wa mbwamwitu, nami sitachoka kuipinga. Mtafiti wa mbwamwitu L. David Mech, ambaye kitabu chake cha 1970 kiliieneza, mwaka 1999 aliandika kwamba kundi la mbwamwitu wa porini kwa kawaida ni familia: wazazi na watoto wao. Shirika la American Humane lilikwishaiomba chaneli ya National Geographic mwaka 2006 isitishe kipindi cha Millan. Halikusikilizwa.

Nampa Millan haki yake: kusisitiza mbwa atembezwe kila siku ni ushauri mzuri.

Lakini chaneli hiyohiyo ilituonyesha kipindi cha DogTown, na huko ndiko kulikuwa na mafundi. Mbwa 22 kati ya waliookolewa mwaka 2007 katika kesi ya kupiganisha mbwa ya Michael Vick walipelekwa kwenye hifadhi ya wanyama ya Best Friends, Kanab, Utah. Wengi walikuwa waoga kupindukia, na baadhi mahakama iliagiza wafaulu mtihani wa tabia njema wa Canine Good Citizen kabla ya kuchukuliwa. Mmoja wao, Cherry, alikuwa akijibana chini mtu anapomkaribia. Hakuna aliyemkabili ili kumshinda. Alipewa muda, mbwa wenzake na watu waliongoja asogee mwenyewe. Akafaulu, akapata familia.

Holly hakurudi kwa wenyewe; alibaki kwenye kituo cha Millan. Kazi ya namna hii ina kipimo kimoja, yaani mlango wa nyumba ambao mbwa anaingia na kukaa bila yeyote kuumia. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Anayewaandaa mbwa wa kuchukuliwa na ajifunze kwanza kurudi nyuma mbwa anaponguruma. Asiyeweza hilo asipewe mbwa wa familia yoyote.