Mwiko na Hela ya Saruji Havikai Mkono Mmoja

Uamuzi unaoharibu nyumba nyingi za watu binafsi katika viunga vya Dar es Salaam hufanyika kabla jembe halijagusa kiwanja. Mwenye nyumba huita mafundi watatu, kila mmoja hutaja bei yake ya kufikisha boma kwenye linta, na kazi hupewa mwenye bei ya chini kwa makubaliano ya ufundi na vifaa, nusu ya hela ikitangulia. Mchoro wa nondo haupo, mchanganuo wa vifaa haupo, na mkataba ni kushikana mikono mbele ya shahidi mmoja. Kila aliyepita Goba, Madale, Chanika au Kigamboni ameyaona maboma yaliyozaliwa na uamuzi huo: ukuta umeishia katikati ya dirisha, nondo za nguzo zinakula kutu, magugu yameota sebuleni na simu ya fundi haipokelewi. Lawama zote humwangukia fundi, na mara nyingi anazistahili. Lakini kosa la kwanza si lake. Mtu mmoja amepewa kununua, kujenga na kujikagua, na mpango wa namna hiyo humharibu hata fundi aliyekuja na nia njema.

Hatua nyingine za uchaguzi huo kwa kawaida huwa sawa: kuita zaidi ya fundi mmoja, kuuliza majirani, kuhakiki hati ya kiwanja na kufuatilia kibali cha ujenzi.

Njia za kumpata mjenzi ni tatu. Ya kwanza ni ufundi pekee: mwenye nyumba hununua vifaa, fundi hulipwa kwa kazi ya mikono yake na vibarua wake. Ya pili ni ufundi na vifaa kwa fundi wa mtaani, hiyo inayolalamikiwa hapa. Ya tatu ni kandarasi kamili kwa kampuni iliyosajiliwa, yenye michoro, mchanganuo wa gharama na mtaalamu wa kusimamia kwa niaba ya mteja. Njia ya pili huonekana kama ya tatu kwa bei ya kwanza, na mvuto wake wote upo hapo. Kwa kweli imechukua kutoka ya tatu ile hela ya jumla tu, ikauacha ukaguzi. Na kutoka ya kwanza imechukua bei ndogo tu, ikaiacha ile hali ya fundi kutokuwa na sababu ya kubana saruji.

Hesabu ya tofali inatosha kuonyesha tatizo. Tofali la inchi 6 lisilo na tundu, lenye urefu wa sentimita 45, kimo cha sentimita 22.5 na unene wa sentimita 15, lina ujazo wa lita 15 na ziada kidogo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nane hutoa takriban tofali 18 hadi 20 kwa mfuko. Anayefyatua tofali 40 kwa mfuko amejaza lita 600 kwa lita 35 za saruji, yaani mchanga umezidi saruji zaidi ya mara 16. Tofali hilo hukauka, hupangwa na hupigwa plasta. Mvua ikilipata kabla ya plasta, kona zake huliwa. Nyumba inayohitaji tofali 3,000 hutumia mifuko 150 kwa kiwango cha tofali 20 kwa mfuko, na mifuko 75 kwa kiwango cha tofali 40. Fundi wa ufundi pekee hapati chochote kwa mifuko hiyo 75 iliyookolewa. Fundi wa bei ya jumla hupata yote.

Nondo nazo zina hesabu yake. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi, ya milimita 10 ina kilo 7.4. Kwa macho, tena ikiwa imeshafungwa ringi na kuingizwa kwenye boksi la mbao, tofauti hiyo haionekani kirahisi. Ndani ya linta, nondo ya milimita 10 iliyokaa mahali pa ile ya 12 imepunguza karibu theluthi moja ya chuma kilichokusudiwa kubeba mzigo. Mwenye nyumba aliyenunua mwenyewe amepima kwenye mizani ya duka au angalau ameshika risiti. Aliyelipa kwa jumla hana hata haki ya kuuliza, kwa kuwa aliafiki bei bila kutaja kipenyo.

Halafu ipo hela ya kutangulia, na hapa uamuzi unafikia kilele cha ubaya wake. Fundi wa mtaani mwenye jina huwa na saiti tatu au nne kwa wakati mmoja. Nusu ya hela ikiingia kabla ya msingi, haikai ikisubiri mawe na kokoto za kiwanja kipya. Humaliza bati la mteja wa zamani anayepiga kelele zaidi, hulipa vibarua wa wiki iliyopita na kupunguza deni la duka la vifaa. Msingi wa mteja mpya utachimbwa kwa hela ya mteja atakayefuata. Mzunguko huo huenda vizuri wateja wapya wakiendelea kuja. Wakikatika mwezi mmoja, saiti ya mwisho katika foleni ndiyo inayobaki boma. Fundi hakuwa amepanga kuiba. Alikopeshwa bila riba, bila dhamana na bila tarehe ya kurudisha, na mkopeshaji akadhani ananunua nyumba.

Bei ya chini iliyomshawishi mwenye nyumba nayo haikuwa bei ya chini. Bila mchanganuo, mafundi watatu hawakutaja bei tatu za nyumba moja. Walitaja bei za nyumba tatu. Mmoja alihesabu msingi wa mawe wenye mkanda wa chini, wa pili alihesabu tofali za kulaza bila mkanda, wa tatu hakuhesabu jamvi kabisa, akitegemea kulitaja kama nyongeza kuta zikishapanda. Ramani iliyotumwa kwa simu, ambayo ni picha ya nyumba ya mtu mwingine, haisemi kina cha msingi wala nafasi ya ringi. Mchoro wa mhandisi na mchanganuo wa mkadiriaji majenzi hugharimu sehemu ndogo sana ya thamani ya nyumba, lakini huo ndio mstari wa kwanza kufutwa na watu wasiosita kununua vigae vya sebule kabla bati halijapanda.

Zamani mafundi walichujwa mapema zaidi. Majaribio ya ufundi yalikuwa na madaraja matatu, la III likiwa la chini na la I la juu, na fundi mwashi wa daraja la I alipita katika mikono ya wakaguzi waliomwona akipanga kona, akishusha timazi na kusoma mchoro. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, ilirithi kazi hiyo na bado inatoa mafundi wazuri, ila siku hizi mteja haulizi cheti, anauliza bei. Ukirudi nyuma zaidi, mafundi wa chokaa wa Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walijenga kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Hakuna mteja aliyeweza kumlazimisha fundi kupanua sebule kupita uwezo wa boriti. Leo mteja anataka sebule ya mita saba bila nguzo, na fundi wa bei ya jumla anajibu kwamba inawezekana. Huyo ndiye wa kuogopwa kuliko anayechelewa kazini.

Kumkagua fundi kuna utaratibu wake, na makosa huanza pale anapohukumiwa kwa nyumba iliyokwisha rangi. Plasta huficha kila kitu kinachostahili kuonekana. Saiti ya kwenda ni ile ambayo zege bado halijamwagwa au limemwagwa juzi. Hapo huangaliwa mambo machache. Ringi za linta na nguzo zinapaswa kukaa kwa nafasi zinazolingana, kwa kawaida milimita 150 hadi 200. Nondo ziwe zimeinuliwa kwa vibonge vya zege ili zisigusane na mbao, la sivyo zitabaki nje na kuota kutu. Kokoto na mchanga wa zege vipimwe kwa boksi au karai iliyojaa sawasawa, kwa uwiano wa 1:2:4, si kwa koleo la kibarua anayechoka kadiri jua linavyopanda. Maji yawe lita 25 hadi 30 kwa mfuko. Vibarua hupenda ndoo mbili za lita 20 kwa sababu zege jepesi huteleza lenyewe hadi kwenye kona, lakini nguvu ya zege hilo hupungua kwa kiasi ambacho saruji ya kuongeza juu hairudishi.

Kisha huulizwa nani anamwagilia. Zege linalotunzwa kwa maji hufikia karibu theluthi mbili za nguvu yake ya siku 28 kwa siku 7 za mwanzo. Lisipomwagiliwa siku hizo, hasara haifidiwi baadaye. Fundi anayeng'oa mirunda chini ya linta siku ya tatu ili akaitumie kwenye saiti nyingine amejieleza vya kutosha, na usaili unaweza kuishia hapo.

Wateja wake wa zamani huulizwa baada ya masika, si siku ya kuhamia. Ufa wa mshazari kutoka pembe ya dirisha, jamvi lililoshuka kando ya ukuta, plasta inayotoa sauti ya uwazi ikigongwa: hivyo ni vyeti ambavyo fundi hakuviandika mwenyewe. Udongo nao uulizwe. Fundi aliyejenga nyumba 20 kwenye mchanga wa Kigamboni hajathibitishwa kwa udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba wakati wa mvua, hunywea wakati wa kiangazi na kuupasua msingi wa kina kifupi.

Anayetumia kampuni ana daftari la kufungua. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, inayowapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba, la kwanza likiwa la kazi kubwa zaidi. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, yenye makundi manane. Jina la kampuni kwenye bango la saiti si ushahidi. Namba ya usajili iliyohakikiwa kwenye bodi ndiyo ushahidi. Lakini usajili nao si ulinzi kamili. Maporomoko makubwa, kama la jengo la ghorofa katikati ya Dar es Salaam lililoua watu 36 mnamo tarehe 29 Machi 2013, huundiwa kamati na kufikishwa mahakamani. Nyumba ya chini inayopasuka polepole haina kamati. Mkaguzi wake pekee ni yule atakayelipwa na mwenye nyumba.

Hoja ya kutetea bei ya jumla ipo moja yenye uzito: mwenye nyumba aliye Muscat, Minneapolis au hata Mwanza hawezi kwenda dukani kila saruji inapoisha. Dawa yake ya kawaida ni ndugu msimamizi, mara nyingi shemeji, ambaye hajui ringi na hawezi kugombana na fundi anayemwita mkwe. Dawa hiyo ni mbaya kama ugonjwa wenyewe. Njia inayofaa ni kutenganisha mikono: duka la vifaa hulipwa moja kwa moja kwa orodha iliyotoka kwenye mchanganuo, fundi hulipwa ufundi, na fundi sanifu au mhandisi asiye na uhusiano na yeyote kati yao hulipwa kwa kila safari ya ukaguzi. Safari zisizokwepeka ni tano: mtaro wa msingi kabla ya kujazwa, mkanda wa chini kabla ya zege, linta kabla ya zege, kenchi kabla ya bati, na mabomba na nyaya kabla ya plasta. Kila moja ni ya jambo ambalo likishafunikwa halionekani tena.

Mkataba hufuata mpangilio huohuo. Huandikwa, hutaja michoro kwa tarehe, na hugawa malipo ya ufundi kwa hatua: msingi hadi jamvi, kuta hadi linta, kozi za juu na mkanda, kenchi na bati, plasta na sakafu, kisha umaliziaji. Kila hatua hulipwa baada ya kukaguliwa, na kinachotangulia kisizidi posho ya vibarua ya wiki moja. Nyongeza yoyote huandikwa bei yake kabla ya kufanywa. Asilimia 5 hadi 10 ya ufundi huzuiliwa mpaka nyumba ipite msimu mmoja wa mvua kubwa. Nyumba iliyokabidhiwa Desemba hukamilisha malipo Juni, masika ikiwa imeshapiga bati na kuta. Fundi anayekataa sharti hilo hajatukana mtu, ila amejiondoa kwenye orodha. Anayelikubali, akaja na cheti chake, akataja saiti mbili zilizo wazi kukaguliwa na kuomba mchoro kabla ya kutaja bei, ndiye wa kupewa kazi, hata bei yake ikiwa ya juu kuliko za wenzake wote.