Mjukuu Aliyemtangulia Babu: Hatia na Dhima Binafsi katika Tanzia ya Macbeth

Methali ya Kiswahili huyafananisha majuto na mjukuu: huja mwisho, wakati mambo yamekwisha kuharibika. Tanzia ya Macbeth, ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1606 na ambayo wasomaji wa Kiswahili wamekuwa nayo tangu 1968 katika tafsiri ya S. S. Mushi iitwayo Makbeth, inaupindua mpangilio huo wa ukoo. Majuto ya Macbeth huzaliwa kabla ya tendo lenyewe. Nywele zinamsimama na moyo unamdunda kwa taswira ya mauaji wakati Duncan angali hai na hata hawajaonana tangu vita viishe. Makala haya yanashikilia kwamba kutangulia huko kwa majuto ndiko kunakoiziba kila njia ya kuikwepa dhima. Anayejuta baada ya tendo anaweza kudai kwamba hakujua. Macbeth alijua, tena alijua kwa mwili wake.

Swali lililozoeleka madarasani ni nani hasa alaumiwe: wachawi, mke, au Macbeth mwenyewe. Swali hilo limekaa vibaya. Linaichukulia hatia kama mzigo wa kugawana, kwamba mke akibeba nusu, mumewe amebakiwa na nusu. Mtu aliyeshawishiwa kuua na mtu aliyemshawishi wanaweza wote wawili kuwa na hatia kamili, na tamthilia hii imejengwa juu ya uwezekano huo. Jibu la upande wa pili, lile la wahakiki wanaoifuata istilahi ya Aristotle na kusema kwamba shujaa alikuwa na dosari iitwayo tamaa ya makuu, nalo halitusaidii sana. Dosari ikishageuzwa kuwa kitu anachozaliwa nacho mtu, kama kilema, haina tofauti kubwa na mchawi: zote mbili zinamtendea mtu, naye anabaki mtendwa.

Kiswahili kinatupa zana nzuri zaidi kuliko hizo, mradi tusizichanganye. Hatia ni mahali: mtu hutiwa hatiani na wengine, yaani mahakama, jamii au Mungu. Majuto ni hali ya nafsi, ambayo mtu anaweza kuwa nayo pasipo yeyote kumshitaki. Dhima ni kitu cha tatu, nacho ni deni linaloning'inia shingoni hadi mwenyewe alikiri na kulilipa. (Sisi wahakiki tumelitumia neno dhima kwa maana ya kazi ya fasihi katika jamii kiasi kwamba maana yake ya kale ya deni imeanza kufifia katika maandishi yetu. Ninalirejesha hapa kwa makusudi.) Hoja yangu ni kwamba Macbeth ana majuto mengi, anatiwa hatiani na kila mtu, lakini dhima anaikwepa karibu hadi dakika zake za mwisho.

Udhuru ulioondolewa

Kabla ya kuingia katika matini, ni vyema kutazama kile ambacho Shakespeare alikiacha. Chanzo chake kikuu ni kitabu cha historia cha Raphael Holinshed, na hasa toleo la 1587. Humo Duncan ni mfalme mpole kupita kiasi, asiyeweza kuwadhibiti wahalifu. Macbeth wa Holinshed ana lalamiko la kisheria: Duncan anapomtawaza mwanawe mdogo kuwa mrithi, anamfungia njia ndugu aliyekuwa na haki ya kudai kiti. Macbeth huyo hamuui mfalme peke yake, bali pamoja na rafiki zake, Banquo akiwa mbele. Kisha anatawala kwa haki miaka kumi kabla ya kuharibika.

Shakespeare ameufuta udhuru huo wote. Duncan wake ni mwema kiasi kwamba muuaji mwenyewe anazihofia sifa zake. Lalamiko la kisheria halimo. Miaka kumi ya utawala bora haimo. Banquo ameondolewa katika njama, na ingawa ni kweli kwamba Mfalme James, mtawala wa wakati huo, alijihesabu kuwa wa ukoo wa Banquo, sababu hiyo ya kisiasa haitoshi kueleza mabadiliko mengine. Hata namna ya kuua imebadilishwa. Mauaji ya mgeni aliyelala nyumbani mwa mwenyeji wake, kwa kuchochewa na mke, yametolewa katika habari nyingine ya Holinshed, ile ya Donwald na Mfalme Duff, na kupandikizwa hapa. Donwald aliwatuma watumishi wake. Macbeth anaingia chumbani mwenyewe. Mwandishi anayeondoa visingizio vyote hivi na kuongeza utovu wa ukarimu juu yake hatafuti mtu wa kuhurumiwa kwa sababu alionewa na majaaliwa.

Neno ambalo wachawi hawakulitamka

Katika Tendo la 1, onyesho la 3, wachawi wanamwamkia Macbeth kwa vyeo vitatu: kimoja anacho, cha pili amekwisha kupewa bila kujua, cha tatu ni ufalme. Hawasemi kitu juu ya kuua. Neno la mauaji linaingia katika tamthilia kwa njia ya Macbeth mwenyewe, katika mawazo yake, dakika chache baadaye. Na mara tu baada ya kulitamka anatambua kwamba kuna njia nyingine: kwamba bahati ikitaka awe mfalme, basi bahati na imvike taji bila yeye kunyanyua mkono. Alikuwa na ushahidi mkononi, kwani cheo cha Bwana wa Cawdor kilimjia hivyo hivyo, bila jasho. Utabiri uliotimia wenyewe ulikuwa hoja ya kungoja. Yeye anaufanya kuwa hoja ya kuua.

Banquo alisikia sauti zile zile na kuahidiwa jambo kubwa pia. Hakuua mtu. Wahakiki humtumia kama kipimo cha uadilifu, nami nakubali nusu tu, maana katika Tendo la 3 Banquo anatuonyesha kwamba anashuku jinsi taji lilivyopatikana, ananyamaza, na ukimya wake umechanganyika na matumaini kuhusu kizazi chake. Lakini kwa hoja yetu anatosha: utabiri ule ule uliingia katika masikio mawili na kutoa matendo mawili tofauti.

Kuhusu Bibi Macbeth, ni kweli kwamba anamsukuma mumewe. Hata hivyo, uzungumzinafsi wa Tendo la 1, onyesho la 7, unatangulia msukumo huo. Humo Macbeth anajipangia mwenyewe mashitaka: yeye ni jamaa wa Duncan, ni raia wake, ni mwenyeji wake, aliyepaswa kumfungia mlango muuaji. Anakiri kwamba hana sababu yoyote ila tamaa. Ni nadra kuona mshitakiwa akiandika hukumu yake kwa ukamilifu namna hii kabla ya kosa. Mke anapoingia hampi hoja mpya ya haki. Anamgusa uanaume wake tu, na hilo linatosha.

Nani ametenda?

Uzungumzinafsi huo unaanza kwa namna ambayo inapaswa kumsimamisha mfasiri. Macbeth analitaja tendo kwa kiwakilishi tupu, katika kauli ya kutendwa, bila mtenda. Kiingereza kinamruhusu. Kiswahili kinampa mfasiri njia mbili, naye lazima achague. Akitumia kauli ya kutendwa, *likitendwa*, swali la 'na nani?' linabaki wazi, kwa sababu kauli hiyo ina nafasi ya mtenda hata asipotajwa. Akitumia kauli ya kutendeka, *likitendeka*, nafasi hiyo inafungwa kabisa. Twasema damu imemwagwa na fulani, lakini sarufi yetu haikubali kusema imemwagika na fulani. Kwa maoni yangu kauli ya kutendwa ndiyo inayofaa hapa, kwa kuwa hadhira inapaswa kusikia mtenda akifichwa. Kutendeka ni kauli ambayo Macbeth angeipenda. Ndiyo sababu asipewe.

Baada ya mauaji anaweza kumwambia mkewe kwamba amelitenda tendo. Nafsi ya kwanza ipo, lakini kitenzi hakina jina la aliyeuawa. Katika onyesho hilo hilo anasimulia sauti iliyolia kwamba Macbeth ameua, na kilichouawa katika sauti hiyo ni usingizi. Hapo kitenzi cha kuua kimempata mtenda wake, lakini maiti imebadilishwa.

Ipo sehemu moja ambayo msomaji makini ataileta mbele kupinga hoja hii. Katika Tendo la 3, onyesho la 1, akiwa peke yake, Macbeth anatamka waziwazi kwamba amemuua Duncan mwema. Mtenda, kitenzi na mtendwa vyote vimekutana. Je, hiyo si dhima? Tuangalie sentensi inamlilia nani. Anasema amefanya hayo kwa faida ya watoto wa Banquo: ameichafua nafsi yake na kumpa shetani roho yake, na urithi utakwenda kwa wengine. Kauli yetu ya kutendea ingelibeba wazo hilo katika neno moja, *nimewaulia*, na uzito wote ungeangukia wanufaika. Huku ni kupiga hesabu ya hasara. Mfanyabiashara aliyeiba mtaji na kisha akaona duka limekwenda kwa jirani angelalamika vivyo hivyo. Kukiri kumetokea, lakini deni linalokiriwa ni lile ambalo yeye anawadai wengine, na matokeo yake ya papo hapo ni kuwaita wauaji wa kukodi.

Ndiyo maana mzuka wa Banquo unapokaa kitini pake karamuni, ulinzi wake wa kwanza ni wa kiwakili: kwamba mzuka hauwezi kusema yeye ndiye aliyetenda. Kwa maana finyu ni kweli, kwa kuwa mikono ilikuwa ya wengine. Muuaji aliyeingia chumbani mwa Duncan kwa miguu yake sasa amejifunza kutuma. Karamu inapovunjika anazungumza juu ya damu kama mto ambao amekwisha kuuvuka hadi katikati, ambako kurudi kunachosha sawa na kuendelea. Jambo baya katika tamathali hiyo ni neno la uchovu. Swali la haki na batili limegeuzwa kuwa suala la nguvu za miguu.

Wanaodai hatia isiyo yao

Kinyume cha haya tunakipata kwa watu ambao hatia yao ni ndogo. Macduff anapoletewa habari kwamba mkewe na watoto wamechinjwa, mwuaji anajulikana. Hata hivyo Macduff anajiita mwenye dhambi na kusema waliuawa kwa ajili yake. Aliwaacha bila ulinzi alipokimbilia Uingereza, na mkewe alikwisha kumlaumu kwa hilo. Hasemi Macbeth hana hatia. Kisasi chake hakipungui. Anaonyesha tu kwamba kumtia mwingine hatiani na kuibeba dhima yako ni mambo yanayoweza kukaa katika kifua kimoja.

Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka hapa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969), ambaye naye amefungamanishwa na tamko lililotoka kwa pepo. Mwishoni anatakiwa aikane nguvu ya maji ili ajiokoe, naye anakataa. Macbeth, alipogundua kwamba utabiri ulikuwa na maana mbili, anawalaani waliomtabiria.

Kabla ya laana hiyo, lakini, kuna sentensi moja katika Tendo la 5 ambayo huenda ndiyo pekee ya aina yake. Alipokabiliwa na Macduff, Macbeth anamtaka arudi nyuma, kwani roho yake tayari imelemewa na damu ya watu wa Macduff. Hakuna hesabu ya faida, hakuna wachawi. Ni deni kwa mtu fulani, likikiriwa mbele ya mdai. Haidumu. Macduff anajibu kwa upanga, siri ya kuzaliwa kwake inafichuka, na Macbeth anarejea kuwalaumu wadanganyifu. Nadhani waigizaji wengi huipita sentensi hiyo haraka kwa sababu ya pambano linaloifuata.

Anabaki Bibi Macbeth. Yeye ndiye aliyesema maji kidogo yangetosha kuwasafisha. Katika Tendo la 5, onyesho la 1, anatembea usingizini akisugua mikono, na mshairi amemnyima ushairi: anazungumza kwa nathari iliyokatikakatika. Anamtaja mzee aliyekuwa na damu nyingi. Hilo ni lake. Lakini anamtaja pia Banquo, na mke wa Bwana wa Fife, yaani mke wa Macduff. Mauaji ya Banquo mumewe aliyapanga akimtaka abaki bila kujua. Ya nyumba ya Macduff hatumwoni akishirikishwa. Mikono inayosuguliwa inabeba damu ambayo haikuimwaga.

Mumewe, alipoelezwa hali yake, anamwuliza tabibu kama hana dawa ya kung'oa huzuni katika kumbukumbu. Tabibu anajibu kwamba katika hilo mgonjwa hana budi kujitibu mwenyewe. Macbeth anaitupilia mbali elimu yote ya tiba na kuomba avishwe deraya.

Kwa hiyo aliye macho na mwenye hiari hakiri, na anayekiri hana hiari, kwa kuwa amelala. Malcolm anapofunga tamthilia anamwita mmoja mchinjaji na mwingine malkia wa kishetani, na hukumu hiyo ya hadharani haina kosa kisheria. Ila hajui maneno yaliyosemwa usiku ule. Walioyasikia ni wawili tu: mtumishi wa kike aliyekataa kurudia aliyoyasikia awali kwa kuwa hakuwa na shahidi, na tabibu aliyeondoka akisema kwamba ana mawazo lakini hathubutu kunena.