Ufundi wa Kuitawala Foleni ya Uchapishaji

Kuchapisha hati kwa wingi huonekana kazi ndogo, kwa kuwa mwisho wake ni karatasi tu. Mimi naihesabu kuwa ufundi kamili, na ninayemsifu ni mwendeshaji wa kompyuta kuu (mainframe) anayesimamia foleni ya uchapishaji kwa amri anazoziandika mwenyewe. Ufundi huo humwezesha kuiwajibikia hati tangu inapoombwa hadi inapotoka, na wajibu huo huwa mzito zaidi kadiri anayeisubiri anavyokuwa mbali. Wilaya za Ngara na Biharamulo ziko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Orodha iliyochapwa pungufu ikifika huko, hakuna wa kutoka nje mara moja akafuate nyingine.

Foleni yenyewe ilizaliwa kwa sababu kompyuta huhesabu upesi kuliko printa inavyochapa. Hata printa ya IBM 1403 ya mwaka 1959, iliyochapa mistari 600 kwa dakika, iliichelewesha kompyuta. Ndipo katika miaka ya 1960 wataalamu wa IBM waliokuwa kituo cha NASA mjini Houston wakaunda HASP, programu iliyohifadhi matokeo kwenye diski hadi zamu yake ifike. Kutokana nayo ikapatikana JES2, inayotumika hadi leo katika kompyuta kuu za IBM. Humo mwendeshaji huandika $D kuuliza kazi imefikia wapi, $H kuizuia, $A kuiachia, $C kuifuta. Karatasi ikikwama katikati ya hati ndefu, $B huirudisha printa nyuma kurasa chache, uchapaji ukaendelea bila kuanza upya wala kuacha pengo. Mifumo endeshi ya jamii ya Unix nayo ina amri za lp, lpstat na cancel, na kwa amri hizohizo programu ya CUPS, iliyotoka mwaka 1999, huongoza printa za kompyuta za kawaida. Kila amri ni uamuzi uliotamkwa wazi, na kwa sababu imeandikwa, inaweza kutunzwa, kukaguliwa na kurudiwa mwezi ujao vilevile.

Historia yetu inaonyesha kwamba mashine bila ufundi haitoshi. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960. Jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta likaenda vibaya, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Somo ninalolipata hapo ni kwamba kununua mtambo ni rahisi kuliko kulea watu wanaoumudu. Na uzito wa orodha yenyewe, Ngara iliuonja mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 250,000 walipovuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Katika kambi zao, kama Benaco, mgawo wa chakula ulitegemea uandikishaji na kadi. Jina lililorukwa lilikuwa njaa ya familia.

Wapo watakaosema madirisha na vitufe vimeyamaliza haya yote. Kwa kurasa mbili nakubali, kubofya kunatosha. Lakini kwa maelfu ya hati za mishahara zinazotakiwa kwa mpangilio, mkono unaobofya huchoka na kusahau, na hauachi maelezo ya ulichofanya. Tena amri ni herufi chache, hupita hata kwenye intaneti dhaifu ambayo picha ya dirisha ingekwama. Wengine watasema karatasi inaondoka. Ikiondoka, foleni itabaki: malipo, ujumbe na taarifa za seva nazo husubiri zamu, nazo zinahitaji mtu anayejua kuzuia, kuachia na kurudia palipokatika. Kwa hiyo kijana wa Biharamulo anayejifunza kompyuta afundishwe amri hizi mapema, ili hati za watu wake zisitegemee daima fundi aliye mbali nao.